Natoka Asubuhi, Narudi Jioni: Mbwa Nitamwacha na Nani?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza jambo lilelile kwa sura tofauti: mtu ameajiriwa, anashinda kazini kutwa, anatamani kuchukua mbwa asiye na mwenyewe, lakini anaogopa kumtesa. Tumechuja tukabaki na maswali manane. Moja tumelijibu kwa urefu kuliko mengine yote, maana ndiko wengi wanakokwama.

SWALI: Natoka nyumbani saa moja na nusu asubuhi, narudi saa kumi na mbili kasoro robo jioni, siku tano kwa wiki. Naishi peke yangu. Nikichukua mbwa nitakuwa namwonea?

JIBU: Tuanze na kibofu, huruma ifuate. Mbwa mzima mwenye afya anaweza kukaa saa 6 hadi 8 bila kukojoa. Usiku anavuka hapo kwa kuwa amelala, lakini mchana anaamka, anakunywa maji, anazunguka. Wewe hupo nyumbani kwa saa 10 na robo. Unaweza kufuga, ila kuna sharti moja lisilopunguzwa: katikati ya siku lazima aingie mtu. Awe jirani, ndugu au mtu wa kulipwa, mradi ana ufunguo na mbwa anamjua. Dakika 20 zinamtosha kumtoa mbwa haja, kubadilisha maji na kukaa naye kidogo. Aje kati ya saa sita na saa saba mchana, ili siku igawanyike karibu nusu kwa nusu. Ikiwa mtu huyo hujampata, ahirisha. Wanaochukua mbwa kwanza wakitumaini msaidizi atapatikana baadaye ndio wanaomrudisha baada ya mwezi.

Saa zinazobaki hazimuumizi mbwa kama wengi wanavyodhani. Mbwa mzima hulala saa 12 hadi 14 katika siku, na sehemu kubwa ya usingizi huo inaweza kuangukia muda wako wa kazi. Lakini hatalala kama asubuhi hakufanya lolote. Amka saa nzima mapema. Mtembeze dakika 30 hadi 40, na katika hizo mwachie angalau 15 anuse anavyotaka bila kumvuta kamba; kunusa kunamchosha akili, kutembea haraka kunamchosha miguu tu. Rudini, apoe, ndipo ale. Usiupindue mpangilio huo. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu wamo katika hatari ya tumbo kujaa gesi na kujipinda, na mbio baada ya kula si jambo la kujaribia. Ugonjwa huo huua kwa saa chache. Baada ya kula, mtoe tena dakika tatu akamalize haja, kisha nyumba itulie robo saa kabla hujatoka.

SWALI: Watoto wanataka mbwa mdogo "tumlee wenyewe". Mimi na mwenzangu wote tunafanya kazi. Tutachukua likizo ya wiki mbili. Inatosha?

JIBU: Haitoshi. Kanuni ya kukadiria kibofu cha mtoto wa mbwa ni hii: hesabu umri wake kwa miezi, ongeza moja, ndizo saa anazoweza kujizuia mchana. Wa miezi miwili ana saa tatu, na hicho ni kikomo, si kawaida. Akiamka, akila au akicheza anahitaji kutoka palepale. Atakula mara tatu au nne kwa siku. Katika siku ya kazi ya saa tisa mtahitaji mtu aje mara tatu, na mfululizo huo uendelee hadi mbwa afikishe miezi sita hivi.

Kuna lililo zito zaidi ya mkojo. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, ubongo wa mbwa unapokea watu, sauti, magari, ngazi na mbwa wengine kama vitu vya kawaida. Asichokutana nacho wakati huo anaweza kukiogopa maisha yake yote. Dirisha hilo linafungwa wakati nyinyi mko ofisini. Isitoshe, linagongana na ratiba ya chanjo: ya kwanza hutolewa wiki ya 6 hadi ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka wiki ya 16. Kabla ya kukamilisha, mtoto wa mbwa hatakiwi kukanyaga mahali wanapopita mbwa msiowajua, kwa kuwa virusi vya parvo, ugonjwa hatari wa kuharisha kwa watoto wa mbwa, huishi udongoni kwa miezi mingi. Njia ni kumbeba mikononi akaone ulimwengu, na hilo linataka mtu mwenye nafasi mchana.

Chukueni mbwa wa miaka 2 hadi 6. Tabia yake imeshajitokeza, mnaona mnachochukua. Mbwa mzee naye anafaa, analala sana, ila kibofu chake huanza kulegea na mgeni wa mchana mmoja huenda asitoshe.

SWALI: Nikifika kwenye kituo cha kutunzia mbwa niulize nini? Wote wanaonekana wazuri.

JIBU: Swali la kwanza: amewahi kuachwa peke yake ndani ya nyumba, na kwa saa ngapi? La pili: amerudishwa mara ngapi, na aliyemrudisha alisema nini? Majibu ya maswali haya mawili yana uzito kuliko aina, rangi na ukubwa. Ikiwa hakuna anayejua, omba umchukue kwa majaribio ya wiki moja au mbili kabla ya kutia saini; baadhi ya vituo hukubali, na mbwa wa kwenye banda lenye kelele si yuleyule akiwa sebuleni.

Fanya na jaribio dogo. Kaa naye kwenye chumba tulivu dakika kumi, kisha toka bila kuaga, funga mlango, usikilize dakika mbili. Anayenung'unika kidogo halafu akaanza kunusa pembe za chumba anatia moyo. Anayeng'ang'ania kitasa, akihema na kukwaruza bila kukoma, atataka kazi kubwa. Jaribio hili halitabiri kila kitu, kwani hajakuzoea bado.

Kuhusu aina, epuka zilizozalishwa kufanya kazi kutwa kama Border Collie na Malinois, hata kama una uwanja. Usidanganywe na umbo: Greyhound ni mkimbiaji wa ajabu, lakini nyumbani ni mlalaji hodari.

Usiondoke bila kadi ya chanjo yenye tarehe, na uangalie hasa chanjo ya kichaa cha mbwa.

SWALI: Mbwa wangu ana miaka mitatu, nimekaa naye wiki tatu. Majirani wanasema nikitoka tu analia. Amekwaruza mlango hadi mbao zimetokeza. Nikirudi anainamisha kichwa na kufyata mkia, kwa hiyo anajua kosa lake, ila kesho anarudia. Nifanye nini?

JIBU: Kwanza tuliondoe hilo la kujua kosa. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alichapisha jaribio ambalo wenye mbwa waliambiwa mbwa wao amekula kitu kilichokatazwa, wakati mwingine kweli, wakati mwingine uongo. Sura ya "hatia" haikufuata kosa, ilifuata kukaripiwa. Waliokaripiwa bila kosa waliionyesha vilevile, hata zaidi. Mbwa wako anausoma uso wako, na mlango alioukwaruza saa nne zilizopita hauhusiani tena na adhabu ya sasa. Ukimkaripia, unamwongezea jambo la kuogopa: kurudi kwako.

Hatua ya pili ni kurekodi. Weka simu ya zamani juu ya kabati, ielekee mlangoni, utoke nusu saa. Kuna mbwa aliyechoshwa na upweke na kuna mbwa mwenye hofu, nao hawatibiwi sawa. Aliyechoshwa hulala kwanza, huanza uharibifu baada ya saa moja au mbili, hutafuna mito na viatu popote, na kitafunwa ulichomwachia hukimaliza. Mwenye hofu huanza ndani ya dakika chache. Anashambulia mlango na madirisha, yaani pale ulipopotelea. Anatoa udenda, anahema, anakojoa ingawa alitoka muda si mrefu, na chakula hakigusi mpaka urudi. Maelezo yako yanaelekea kwenye hofu. Aliyechoshwa mtembeze zaidi na mpe kazi ya kutafuna. Mwenye hofu anataka mafunzo haya:

Wakati wa mafunzo asiachwe peke yake zaidi ya anavyoweza. Hapa ndipo watu wengi huharibu. Asubuhi wanamfundisha sekunde ishirini, halafu wanamwacha saa tisa, na kila siku wanaanza upya. Tafuta wiki chache za mchanganyiko: likizo, kufanyia kazi nyumbani pale mwajiri anaporuhusu, ndugu anayekaa naye, sehemu ya kulelea mbwa mchana. Ni ghali kwa muda na usumbufu, lakini bila hilo mengine yote ni kupoteza nguvu.

Anza na ishara za kutoka. Shika funguo, zitikise, ziweke mezani, kaa. Vaa viatu, enda jikoni, vua. Mara kumi hadi kumi na tano kwa siku, bila kutoka. Tazama masikio yake: siku ya kwanza yatasimama kila funguo zikilia; unataka siku ambayo hata hanyanyui kichwa sakafuni.

Kisha mlango. Ufungue, ufunge, ubaki ndani. Baada ya hapo toka sekunde tatu hadi tano, urudi kabla hajaanza kulia, bila shangwe. Usipandishe muda kwa mstari ulionyooka. Fanya hivi: sekunde 5, 10, 6, 20, 8, 30, 15. Ukipandisha tu, mbwa anagundua kwamba kila zamu ni mbaya kuliko iliyopita. Kipindi kimoja kisizidi dakika 20, mara moja kwa siku, na siku moja ya juma mpumzike wote wawili.

Soma dalili ndogo kabla ya kilio: kujilamba pua mara kwa mara, kupiga miayo bila usingizi, kuinua mguu mmoja wa mbele, kwenda na kurudi mlangoni. Ukiziona kwenye simu ukiwa nje, umeshazidisha. Kesho anza na nusu ya muda huo. Dakika 40 za mwanzo ndizo ngumu na zinaweza kula wiki nyingi. Akifikia saa moja na nusu kwa utulivu, kwa kawaida saa chache zaidi hazitampa shida.

Baadhi ya mbwa hawafundishiki kwa kuwa hofu imewajaa kupita kiasi. Daktari wa mifugo anaweza kuwaandikia dawa kama fluoksetini au klomipramini. Huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha nguvu yake, na hufanya kazi pamoja na mafunzo, si badala yake. Usimpe dawa yako mwenyewe.

Kuhusu njia za mkato utakazoshauriwa: kumfungia kwenye kizimba kunahamisha tu tatizo, na wapo wanaovunja meno kwa kung'ata vyuma. Mkanda wa shingoni unaopiga shoti ya umeme unanyamazisha sauti, hofu inabaki. Mbwa wa pili mara nyingi hasaidii, kwa sababu anachokosa wa kwanza ni wewe. Unaweza kuishia na wawili wanaolia.

SWALI: Nimwachie nini cha kutafuna asichoke?

JIBU: Toa sehemu ya tatu ya chakula chake cha siku, usiongeze juu yake, maana atanenepa. Kama ni chakula kikavu, kilowanishe kwa maji ya uvuguvugu hadi kilainike, kishindilie kwenye mpira mgumu wenye tundu, ugandishe usiku kucha. Kilichogandishwa kinachukua muda mrefu zaidi kulambwa. Mpe dakika tano kabla ya kutoka. Mpira uwe mkubwa kiasi kwamba hauwezi kupita wote nyuma ya meno yake. Ukitumia siagi ya karanga, soma kibandiko: yenye sukari ya zailitoli ni sumu kwa mbwa hata kwa kiasi kidogo.

Mifupa iliyopikwa hapana; inapasuka vipande vyenye ncha. Chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu, na dawa za maumivu kama ibuprofeni zikae kwenye kabati linalofungwa, si juu ya meza. Mbwa mwenye saa tisa za nafasi hufika mezani.

Maji: mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mbwa wa kilo 20 anahitaji lita 1 hadi 1.2, na zaidi siku za joto. Weka mabakuli mawili mazito, kwa kuwa moja likipinduka saa tatu asubuhi hakuna wa kulijaza. Wapo wanaonyima maji ili mbwa asikojoe ndani. Hilo ni kumdhuru.

SWALI: Nina ua mkubwa. Si bora nimfunge mnyororo nje, apate hewa?

JIBU: Usimfunge. Mbwa wa mnyororoni anaona kila kinachopita na hawezi kukifikia wala kukikimbia. Ndivyo mbwa mpole anavyogeuka mkali. Mnyororo pia hujizungusha kwenye mti au kigingi, na bakuli la maji likabaki hatua moja mbali na mdomo wake.

Ua wenyewe unafaa ikiwa uzio hauna upenyo chini na kuna kivuli siku nzima. Neno siku nzima tunalisisitiza: palipo na kivuli saa mbili asubuhi panaweza kuwa jua kali saa nane mchana. Siku ya mapumziko, toka kila baada ya saa mbili ukaangalie kivuli kimehamia wapi. Kibanda cha bati hakihesabiki kuwa kivuli. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na hewa ya moto haimsaidii. Na ua haumtembezi. Aliyeshinda uani bado anadai matembezi yake.

SWALI: Naishi ghorofani. Mbwa anakojoa pembe ileile ya sebule kila mchana ingawa nimepasugua kwa sabuni.

JIBU: Sabuni imeondoa harufu kwa pua yako, si kwa yake. Tumia kisafishaji chenye vimeng'enya kilichotengenezwa kwa mkojo wa wanyama: nyonya kwanza unyevu kwa kitambaa, mimina hadi kifike kina mkojo ulikofika, uache muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha ukikaushe kwa kitambaa bila kusugua. Kama pana zulia, linyanyue uangalie chini yake. Usitumie chochote chenye amonia, kinanukia kama mkojo na kinamwita arudi.

Kabla ya kulaumu tabia, mpeleke akapimwe mkojo. Maambukizi ya kibofu humfanya akojoe kidogo kidogo mara nyingi. Akiwa mzima, rudi kwenye hesabu ya saa: huenda mgeni wa mchana anachelewa. Trei ya nyasi kwenye roshani ni msaada wa dharura, si mbadala wa kutoka, na roshani iwe na kizuizi asichoweza kupenya wala kuruka.

SWALI: Nimeshampata mbwa na msaidizi wa mchana. Nimchukue siku gani?

JIBU: Mwanzoni mwa likizo ya siku saba hadi kumi, na usiitumie yote kukaa naye ubavuni. Siku ya kwanza mpe chumba kimoja, usialike wageni, mtoe haja mahali palepale kila baada ya saa mbili au tatu. Siku hiyohiyo anza kumwacha kidogo: katupe taka, kachukue kitu kwa jirani, rudi. Siku ya tatu jaribu dakika kumi ikiwa zile fupi zilipita kwa utulivu. Siku ya sita fanya asubuhi nzima ya kazi kama ilivyo: kengele ya saa, matembezi, chakula, nguo za kazi, mkoba, mlango, kaa nje saa moja ukimtazama kwenye simu.

Ndani ya wiki hiyo nenda kwa daktari wa mifugo na kadi ya chanjo na kinyesi kibichi cha siku hiyo kwenye kichupa safi, apimwe minyoo. Mbwa mzima kwa kawaida hupewa dawa ya minyoo kila miezi mitatu, ila daktari aamue baada ya kuona majibu.

Msaidizi wa mchana aje mara mbili ukiwapo, amlishe kidogo kwa mkono na kumtembeza na wewe. Mara ya tatu wewe uwe umetoka, naye afungue mlango kwa ufunguo wake. Mbwa anayemchangamkia mtu mbele yako anaweza kumzuia mlangoni usipokuwapo, na hilo ni heri ulijue Jumamosi ukiwa umesimama kwenye ngazi, kuliko Jumatatu saa sita mchana ukiwa kikaoni.